Anza na mkono unaomimina: jibu kwa seremala anayejenga chumba cha chai cha Kichina

"Shikamoo dada. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Nimepata mteja Mchina anayetaka nimtengenezee chumba cha chai ofisini kwake. Chumba kina mita 4 kwa 5, dirisha moja linatazama mashariki, na nje yake hakuna cha maana, ni ukuta wa jirani na mgomba mmoja. Amenitumia picha zaidi ya 30 za mtandaoni na haziendani: nyingine zina mikeka na watu wamekaa chini, nyingine zina taa nyekundu na madragoni, nyingine ni tupu kama nyumba inayosubiri mpangaji. Meza ya aina yoyote naiweza. Nisichokijua ni kinachokifanya chumba kiwe cha chai, cha Kichina, na cha kisasa. Nianzie wapi?"

Marahaba, fundi. Picha zako nimezipitia zote, na naelewa kwa nini zimekuchanganya. Nilifanya kazi ya ubunifu wa ndani miaka sita huko Foshan na Guangzhou, miji ya kusini mwa China, na vyumba vya chai vilikuwa sehemu kubwa ya kazi yetu, kwa sababu kule kusini si rahisi kumkuta mfanyabiashara asiye na meza ya chai ofisini. Nitalijibu swali lako la mwisho kwanza. Ziweke pembeni picha, kuta na taa, uanze na mkono wa mteja wako.

Nenda kwake siku ambayo hana haraka, umwombe akunyweshe chai, ukae saa nzima. Futikamba ibaki mfukoni. Tazama birika analichukua kwa mkono gani na analirudisha wapi. Tazama maji ya kuoshea vikombe anayamwaga wapi, kitambaa cha kufutia kiko upande gani, na kama anapomfikishia mgeni kikombe inambidi ainuke kitini. Chumba chote utakachojenga kitatokana na safari za mkono huo.

Nikueleze sababu. Chai yetu sisi inapikwa jikoni, inaletwa kwenye chupa, na kazi inayobaki mezani ni kunywa. Neno lenyewe limetoka kwao, likapitia kwa Waajemi na Wahindi hadi kufika pwani yetu, lakini namna ya kunywa haikusafiri nalo. Kule Chaozhou na Fujian, kusini mashariki mwa China, chai inatengenezwa mezani mbele ya mgeni, na kutengeneza huko ndiyo shughuli yenyewe. Wanaiita gongfu cha, yaani chai ya ustadi na muda. Majani ya gramu 5 hadi 8 yanatiwa kwenye buli dogo, au bakuli lenye kifuniko, la mililita 100 hadi 150. Maji ya moto yanaingia, yanakaa sekunde chache, yanamiminwa. Kisha tena na tena, majani yaleyale, mara saba, nane au zaidi, na kila mmimino una ladha yake. Kikombe ni funda mbili tatu, kimekwisha. Maji ya kwanza mara nyingi humwagwa, vikombe huoshwa kwa maji ya moto ukiona, na buli humwagiwa maji kwa nje ili lipate joto.

Piga hesabu sasa kama fundi. Kwa saa moja, maji ya moto kwa lita yanapita juu ya meza yako ya mbao. Ndiyo maana mimi huanza kazi hii nikifikiria kama fundi bomba: maji yanaingia wapi, yanachemkia wapi, yanatokea wapi? Urembo huja baadaye, na ukija huku maji hayajapata njia, ndani ya mwezi mmoja meza imevimba.

Wachina wamelifikiria jambo hili karne nyingi. Wen Zhengming, mchoraji wa Suzhou, alichora mwaka 1531 kibanda cha nyasi chini ya miti mirefu. Ndani watu wawili wameketi wanazungumza, mezani kuna buli na vikombe tu, na katika kijumba cha pembeni mtumishi anashughulika na jiko. Kitukuu wake, Wen Zhenheng (1585–1645), alipoandika jinsi nyumba ya msomi inavyopaswa kuwa, alishauri hivyohivyo: chumba kidogo cha chai kando ya chumba cha kusomea, na kijana ambaye kazi yake ni chai tu. Moto na maji huku, mazungumzo kule. Chumba cha siku hizi hakina mtumishi. Mwenyeji mwenyewe anachemsha, anamimina na anazungumza, kwa hiyo kile kijumba cha pembeni kimehamia ndani ya meza. Ukiniuliza kisasa kiko wapi, nitakuonyesha hapo kabla ya kukuonyesha kitu kingine chochote. Na hiyo ni kazi ya seremala.

Siku hiyohiyo ya chai muulize mteja mji wa wazazi wake na chai anayoipenda. Jibu lake litaamua mengi. Mtu wa Chaozhou hutumia vikombe vitatu vidogo hata wageni wakiwa wanne au watano, vinazungushwa kwa zamu, kwa hiyo anataka eneo dogo la kazi lililo karibu na mkono. Mpenzi wa puer ya Yunnan ana chai iliyogandamizwa kama mkate wa duara, gramu 357 kila mmoja, upana wa kama sentimita 20, ikifungwa saba saba kwa maganda ya mwanzi. Huyo anahitaji rafu za kina cha sentimita 25 zinazopitisha hewa, mbali na jua. Mtu wa Hangzhou anaweza kuwa anakunywa chai ya kijani ya Longjing kwenye bilauri ndefu ya kioo ili ayaone majani yakishuka, na mfereji wa maji asiwe na haja nao kabisa. Mtu wa Chengdu amekulia kwenye viti vya mianzi, bakuli lenye kifuniko na kisahani chake, na makelele. Pale Heming, nyumba ya chai iliyomo katika bustani ya Renmin tangu 1923, watu hukaa nusu siku chini ya miti wakicheza karata na kusafishwa masikio. Ukimjengea huyo chumba cha kunong'ona, utakuwa umemjengea mtu mwingine.

Tuje kwenye meza. Namna ni mbili, na nadhani utaijua ya mteja wako ndani ya dakika kumi za kwanza. Ya kwanza ni ya maji: meza au sinia lenye mianya, maji humwagwa popote, yanashuka chini. Ya pili ni kavu: kitambaa kirefu mezani, sahani ndogo chini ya buli, na bakuli la kumwagia maji machafu, basi. Vyumba vingi vipya vinaipenda ya kavu, kwa sehemu kubwa kutokana na Taiwan, ambako unywaji huu ulihuishwa upya miaka ya 1970 na 1980. Nyumba ya chai ya Wistaria mjini Taipei, iliyofunguliwa 1981 ndani ya nyumba ya zamani ya enzi ya utawala wa Wajapani, ni mojawapo ya mahali ambapo ladha hiyo ilikomaa. Namna kavu hupendeza sana kwenye picha. Lakini kama mteja wako anamwagia buli lake maji bila kuangalia, usimlazimishe. Mkono wa mtu wa miaka hamsini haubadilishwi na meza mpya.

Kama ni ya maji, usinunue lile sinia lenye mpira mwembamba unaoingia kwenye ndoo. Nimezibua mingi. Majani ya chai yanakwama humo, yanaoza, na chumba kinanuka matope. Chonga shimo mezani, utie sinia la jiwe jeusi linaloweza kutolewa kwa mikono miwili, lenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 50, na chini yake bomba la inchi moja na robo lenye kona ya kuzuia harufu. Weka kichujio cha chuma mdomoni mwa bomba, na mlango mdogo kwenye mguu wa meza ili mtu aweze kufika kulisafisha. Mlango huo ndio watu husahau, halafu fundi wa baadaye anaikata meza yako kwa msumeno.

Maji ya kuingia mara nyingi ni chupa kubwa ya lita 19 hivi, kama ya dispensa, inayokaa chini ya meza na kuvutwa na pampu ndogo hadi kwenye birika. Wanajali maji kuliko tunavyofikiri: Lu Yu, aliyeandika juu ya chai katika karne ya 8, aliyapanga kabisa, ya mlimani kwanza, ya mtoni yakifuata, ya kisima mwisho. Kwa hiyo acha nafasi ya chupa na nafasi ya mkono wa kuibadilisha. Birika la umeme lipewe soketi yake na waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, lisichangie na eya kondisheni. Vifaa vikitoka China plagi zake si zetu, na adapta iliyofichwa chini ya meza yenye maji ni hatari ya moto, kwa hiyo mwite fundi umeme abadilishe plagi kabisa. Na kifaa chenyewe kiwe mkononi mwako, umekipima, kabla hujakata tundu lake.

Vipimo ninavyovipenda: kimo cha meza sentimita 70, kiti 42. Ukifika 75 kama meza ya kulia chakula, kiwiko cha mwenyeji kinapanda kila anapomimina, na baada ya nusu saa bega linamuuma. Upana 75 hadi 80, usizidi, kwa sababu mkono wake lazima umfikie mgeni bila kuinuka. Urefu 180 hadi 200 kwa wageni wanne. Nyuma ya kiti chake acha mita 1 nzima, kwa kuwa rafu za majani zitakuwa hapo na atageuka mara nyingi. Chumba chako cha mita 4 kwa 5 kinatosha vizuri na kinabaki na ukumbi wa kupumua mlangoni.

Sasa zile picha zako. Zenye mikeka na watu wamekaa chini, na kimlango cha kuinama, ni za Kijapani. Chumba cha chai cha Kijapani kina kanuni zake, ukubwa wake hupimwa kwa mikeka, minne na nusu mara nyingi, na ni kitu kizuri, ila Wachina walishazoea kuketi juu ya viti tangu enzi ya Song (960–1279). Wapo Wachina wa leo wanaojenga jukwaa la kukaa chini kwa sababu wamelipenda, na hilo si kosa, lakini muulize mteja kwanza kama magoti yake yanakubali. Zenye taa nyekundu na madragoni ni za migahawa na sikukuu, mara nyingi nje ya China. Sijawahi kuombwa dragoni na mteja yeyote kule. Zile tupu ndizo zilizo karibu na anachokitaka. Wana neno, liubai, kuacha peupe: mchoraji anaacha karatasi bila wino, na jicho linaona ukungu au ziwa. Katika chumba, ukuta mmoja mpana usio na kitu unafanya kazi hiyohiyo kwa kikombe kidogo kilichopo mbele yake.

Lakini utupu huo una gharama, na gharama yake ni makabati. Majani, vikombe vya akiba, mabuli, vitambaa, mizani, chupa, ndoo: vyote vipo, ila vimefichwa nyuma ya milango isiyo na vishikio, sawasawa na ukuta. Tenga ukuta mzima wa nyuma ya mwenyeji, kina cha sentimita 35 chini na 25 juu, vinginevyo utupu wako utadumu mpaka mteja afungue maboksi.

Fanicha yenyewe inafuata mistari ya enzi ya Ming (1368–1644): miguu myembamba, kiti chenye mgongo wa duara unaokumbatia, nakshi kidogo au hakuna kabisa, na viungo vya ulimi na tundu bila msumari. Hapo, fundi, uko nyumbani. Mbao ya zitan, iliyotengenezewa viti vya wafalme wa Beijing, ni ya ukoo mmoja na mninga wako, Pterocarpus kwa jina la kitaalamu, na huanghuali ya mafundi wa Ming ni ya ukoo mmoja na mpingo. Usimwige seremala wa Suzhou kwa kupaka mninga rangi nyeusi. Mwonyeshe mteja mninga mkavu, umepigwa msasa hadi namba 400, umepakwa mafuta mepesi, na uache auguse.

Nasema mafuta, kwa sababu nina kisa kinachonichoma hadi leo. Katika mwaka wangu wa pili tulikamilisha chumba cha mzee mmoja, mfanyabiashara wa chai aliyestaafu. Kila kitu kilikuwa sawa: mwanga, mawe, mlango wa duara. Msimamizi alitaka tukabidhi kabla ya sikukuu, akaamuru meza na makabati vipakwe vanishi ya kawaida inayong'aa, na mimi nikanyamaza. Siku ya kukabidhi mzee akachemsha maji, akafungua kopo la chai ya milima ya Wuyi aliyoitunza miaka mingi, akaosha vikombe. Wapo watu ambao kabla ya kunywa hunusa kikombe kitupu, kwa kuwa harufu iliyobaki ndani yake ndiyo inayowaambia mengi. Alinusa. Akakishusha polepole. Akainuka, akafungua madirisha yote mawili, akarudi akakifunika kile kikombe kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba chai hiyo ataifungua tena mwakani. Chai niliyokunywa mimi siku hiyo ilikuwa na ladha ya duka la rangi.

Majani ya chai yanafyonza harufu kama chumvi inavyofyonza unyevu. Kwa hiyo ndani ya makabati ya chai usipake kitu, acha mbao tupu iliyokauka vizuri. Juu ya meza tumia mafuta ya mbegu za mti wa tung, ambayo ni ya Wachina tangu kale, au mafuta yenye nta, upake tabaka nyembamba na uache yakauke wiki tatu kabla ya kukabidhi. Wiki hizo uziandike kwenye mkataba tangu mwanzo. Epuka mbao yoyote yenye harufu ya kafuri, na mtarakwa pia, hata kama ni mzuri machoni. Epuka MDF, zile mbao za unga ulioshindiliwa, yenye gundi kali. Ukutani, chokaa au plasta ya udongo ni bora kuliko rangi ya mafuta, maana inapumua na haing'ai. Na huko Dar unyevu ni mkubwa: chai ya kijani na ulong (iliyo kati ya ya kijani na nyeusi) zikae kwenye makopo yanayofungwa kabisa, kabati libaki la kuzificha tu.

Kuhusu udi na ubani: wasomi wa enzi ya Song walihesabu sanaa nne za maisha, kufukiza, kuandaa chai, kutundika picha na kupanga maua. Mteja anaweza kukuomba mahali pa chetezo. Kiweke karibu na mlango, mbali na meza, kifukize kabla wageni hawajafika na kizimwe chai inapoanza.

Mwanga unahitaji uangalifu kuliko fedha. Rangi ya chai kikombeni inasomwa kama wewe unavyosoma nyuzi za mbao, na taa mbaya inadanganya: ulong ya dhahabu inageuka kahawia, ya kijani inaonekana imechacha. Kwenye boksi la taa tafuta CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa ukweli, isiyopungua 90, na Kelvini 3,000 au karibu na hapo, yaani mweupe wenye joto kidogo. Taa moja itundikwe juu ya eneo la kumiminia, mwanga wake uangukie kwenye vikombe na usiingie machoni mwa mtu aliyeketi. Kaa kwenye kiti cha mgeni uhakikishe mwenyewe. Kuta zipate mwanga hafifu wa kujificha, dari ibaki giza kidogo. Eya kondisheni isipulize mezani, kwa sababu inapoza kikombe na kupeperusha harufu iliyosubiriwa. Ielekeze ukutani, na ukipata yenye sauti ndogo, chagua hiyo. Maji yakianza kuchemka yana sauti zake, na mwenyeji mzoefu anajua joto kwa kusikiliza.

Kwenye ukuta usioachwa mtupu, nakushauri jambo ambalo nina hakika nalo kuliko mengine yote hapa: chonga zidaka. Unazijua za nyumba za mawe za Lamu na Unguja, vishubaka vya plasta ukutani ambamo bakuli za kauri kutoka China zilipangwa. Wazee wetu walivijengea vyombo vyao nyumba ndogondogo, na kila kimoja kikapata kivuli chake. Wabunifu wa China wa leo wanafanya kitu kilekile, kishubaka kimoja na chombo kimoja, na hawajui kwamba pwani yetu ililifanya zamani sana kwa vyombo vyao wenyewe. Tengeneza vitatu, si ishirini, vya vimo tofauti, na mwachie mteja aamue kitakachokaa humo. Maandishi ya Kichina usichape ya mtandaoni. Herufi zilizochaguliwa ovyo ukutani ni kama kumwekea mtu methali iliyokosewa sebuleni kwake. Acha ukuta na kulabu moja, alete karatasi aliyoandikiwa na mtu anayemheshimu.

Nimeliacha dirisha mwisho kwa makusudi, kwa sababu umeniandikia kwamba nje hakuna cha maana. Fundi, una mgomba! Katika bustani za Suzhou migomba hupandwa karibu na madirisha ili watu waliomo ndani wasikie mvua ikipiga majani yake. Kwenye bustani ya Zhuozheng kuna banda linaloitwa la Kusikiliza Mvua, na nje yake kuna migomba. Ji Cheng, mbunifu wa bustani aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1631, alifundisha kuazima mandhari: kilicho nje ya mpaka wako, mti wa mtu mwingine, mlima wa mbali, unakiingiza chumbani kwa kukiwekea fremu. Wabunifu wa leo bado wanaishi kwa somo hilo. Ofisi ya wasanifu majengo ya Archstudio, ilipogeuza nyumba chakavu katika uchochoro wa Beijing kuwa nyumba ya chai, ilipitisha kuta za kioo zilizopinda kati ya majengo, zikabana viwanja vidogo vya mianzi, ikawa kila mnywaji ana kipande chake cha kijani. Kule Fuzhou, wasanifu wa Neri&Hu walikamilisha mwaka 2021 nyumba ya chai iliyobeba ndani yake nyumba nzima ya mbao ya enzi ya Qing (1644–1912), na mwanga wa juu unaiangukia kana kwamba bado iko nje.

Wewe una shina moja la mgomba na ukuta wa jirani, na vinatosha. Ukuta huo upakwe chokaa nyeupe kama jirani ataruhusu, nao utakuwa karatasi ambayo majani yanachorwa juu yake, na kwa kuwa dirisha lako linatazama mashariki, jua la asubuhi likishaupita ukuta litaingiza kivuli chao hadi chumbani. Toa pazia la kitambaa, weka chiki ya mianzi inayokunjwa kwenda juu, ili jua la saa mbili lipunguzwe bila kuzimwa. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwa mwenyeji na mgeni. Likiwa nyuma ya mwenyeji, wageni wataona kivuli chake tu. Shusha kizingiti cha chini hadi sentimita 45 kutoka sakafuni kama ukuta si wa kubeba nyumba, ili aliyeketi aone mgomba tangu kwenye shina. Vyuma vya dirisha usiviondoe, ila vibadilishe viwe fito za wima zilizoachana vizuri, na upande wa ndani upachike fremu ya mninga isiyo na nakshi.

Na kabla hujafanya lolote kati ya hayo, nenda na mteja wako kwa jirani. Mgomba ukishazaa hukatwa, na yeye hana sababu ya kujua kwamba upande wa pili kuna mtu aliyeujengea dirisha. Mwombeni aache machipukizi mawili mahali palepale, na kama yuko radhi mchangie mbolea. Mkifanikiwa, niandikie vipimo vya dirisha na mkono anaoutumia mteja kumimina, nikuchoree upande wa kuweka mfereji.